Dalali au Mchuuzi: Tofauti ya "Broker" na "Dealer" Katika Biashara

Maneno mawili ya Kiingereza, "broker" na "dealer", hutajwa pamoja mara nyingi hata watu wakayaona kuwa majina mawili ya mtu yuleyule: mtu wa kati, anayesimama baina ya mwenye mali na mnunuzi. Sheria na desturi ya biashara haziwaoni hivyo. "Broker" humtafutia mtu mwingine mnunuzi au muuzaji, kisha analipwa ujira kwa kazi hiyo. Mali haiwi yake hata kwa dakika moja. "Dealer" hununua kwa fedha yake mwenyewe, mali ikawa yake, halafu akaiuza kwa bei aliyoipanga yeye. Wa kwanza anaishi kwa kamisheni. Wa pili anaishi kwa faida, yaani tofauti kati ya bei aliyonunulia na bei aliyouzia.

Kiswahili kina maneno yake kwa watu hawa. "Broker" ni dalali, na "dealer", awe mdogo au mkubwa, ni mchuuzi kwa maana ya asili ya neno hilo: anayenunua ili auze. Hata hivyo dalali wa Kiswahili ana kazi nyingi kuliko "broker" wa Kiingereza. Anayeendesha mnada huitwa dalali, anayekamata mali kwa amri ya mahakama huitwa dalali wa mahakama, na mitaani hata anayenunua mazao shambani na kuyapeleka sokoni kwa mtaji wake huitwa dalali. Kwa sababu hiyo jina peke yake halitoshi kumweleza mtu. Kinachomweleza ni majibu ya maswali mawili: wakati wa kuuza, mali ni ya nani? Na anayeuza anapata fedha yake kutoka wapi?

Mfano wa shamba unaonyesha uzito wa maswali hayo. Mwenye shamba anataka shilingi milioni 20. Mtu wa kati analiuza kwa milioni 23 na kumkabidhi mwenye shamba milioni 20. Kama mtu huyo alikuwa amelinunua shamba kwanza, akalipa milioni 20 yake, akaandikiwa hati ya mauziano, kisha akampata mnunuzi wa milioni 23, basi milioni tatu ni faida yake halali na hakuna anayeweza kumhoji. Aliweka mtaji wake na angeweza kukaa na shamba hilo miaka miwili bila kupata mteja. Lakini kama alikuwa dalali aliyetumwa kutafuta mnunuzi, milioni 23 zote ni za mwenye shamba, na yeye anastahili ujira waliokubaliana tu. Fedha ni ileile na shamba ni lilelile, ila haki ya kuishika fedha hiyo imehama kutoka kwa mtu mmoja kwenda kwa mwingine.

Hii si hoja ya maadili pekee. Sheria ya Mikataba ya Tanzania, ambayo sehemu yake kubwa ilifuata Sheria ya Mikataba ya India ya 1872, ina sura nzima kuhusu uwakala, na dalali huingia humo. Anayetumwa na mwingine anatakiwa kufuata maelekezo ya aliyemtuma, kufanya kazi kwa uangalifu na ujuzi unaotarajiwa katika shughuli hiyo, kutoa hesabu anapoulizwa, na kutofanya biashara kwa faida yake ndani ya kazi aliyotumwa bila kumweleza aliyemtuma mambo yote muhimu na kupata ridhaa yake. Akifanya hivyo kwa siri, aliyemtuma anaweza kuyakataa mauziano hayo ikiwa jambo muhimu lilifichwa kwa hila au yamemtia hasara, na anaweza kudai faida iliyopatikana. Mwakilishi aliyekosa uaminifu katika kazi pia anaweza kupoteza haki ya ujira kwa sehemu ya kazi aliyoiharibu. Mchuuzi hana wajibu wowote kati ya hayo kwa mtu aliyemuuzia. Hatakiwi kusema ataiuza mali kwa bei gani, kwa nani wala lini. Anachodaiwa ni bei waliyokubaliana.

Hapa ndipo inapoingia desturi inayojulikana sana Dar es Salaam na miji mingine ya Tanzania: cha juu. Mwenye nyumba anataja bei yake, na dalali anaongeza kiasi chake juu ya bei hiyo anapozungumza na mpangaji au mnunuzi. Wakati mwingine mwenye nyumba ndiye aliyesema tangu mwanzo kwamba yeye anataka kiasi fulani na kinachozidi ni cha dalali. Maneno hayo ni ridhaa, na kwa upande wa mwenye nyumba jambo linakuwa halali, ingawa ni ridhaa ya hatari kwa sababu anaifumbia macho bei halisi ya mali yake. Pale ambapo hakusema hivyo, cha juu ni fedha yake iliyokaa mfukoni mwa mtu mwingine. Dalali wa namna hii amejipa faida ya mchuuzi bila kubeba mzigo wa mchuuzi, yaani mtaji na hatari ya hasara. Anayekodi au kununua naye anaumia, maana anaamini anajadiliana na mwenye mali kupitia mjumbe, kumbe anajadiliana na mtu mwenye bei yake. Kinga rahisi kwa pande zote mbili ni mwenye mali na mnunuzi kuonana na kutajiana bei kabla fedha haijatoka, na ujira wa dalali, ambao kwa nyumba za kupanga mara nyingi ni kodi ya mwezi mmoja, kulipwa kando na kwa jina lake.

Upande wa hasara unafundisha zaidi kuliko upande wa faida. Mkulima wa nyanya anayepakia matenga kwenye lori kwenda sokoni Dar es Salaam au Mombasa kwa kawaida humkabidhi mzigo mtu aliye sokoni, ambaye atauza na kumtumia fedha. Mtu huyo ni dalali. Matenga yakichelewa njiani na nyanya zikaoza, au siku hiyo soko likafurika bei ikaanguka, hasara ni ya mkulima kwa sababu mali bado ni yake, isipokuwa uzembe wa dalali ndio ulioleta hasara hiyo. Mkulima mwingine wa kijiji hichohicho amemuuzia mtu aliyefika shambani na gari, akahesabu matenga, akalipa na kuondoka. Huyo ni mchuuzi, na nyanya zikioza njiani ameoza nazo yeye. Ndiyo maana bei ya shambani huwa ndogo kuliko bei ya sokoni: sehemu ya tofauti hiyo ni usafiri, na sehemu nyingine ni malipo ya hatari ambayo mchuuzi ameibeba badala ya mkulima. Mkulima anayelalamika kwamba mnunuzi wa shambani amempunja ana haki ya kulinganisha bei, lakini ulinganisho wa haki ni ule unaohesabu pia siku ambazo mzigo uliopelekwa kwa dalali uliharibika.

Ubaya mkubwa hutokea pale mtu mmoja anapobadilisha sura kulingana na matokeo. Bei ikipanda, anadai alikuwa amenunua, hivyo faida ni yake. Ikishuka, anadai alikuwa akimuuzia mkulima tu, hivyo hasara ni ya mkulima. Anayekabidhi mazao bila kusema wazi kama anauza au anatuma ndiye anayempa mtu huyo nafasi ya kuchagua baadaye. Sentensi moja iliyosemwa mbele ya shahidi siku ya kupakia, kwamba mzigo huu umeuzwa kwa bei fulani au mzigo huu unauzwa kwa niaba ya fulani kwa kamisheni ya kiasi fulani kwa tenga, inafunga mlango huo.

Mali kauli ndiyo inayochanganya zaidi, na inastahili kuangaliwa kwa makini kwa kuwa biashara nyingi ndogo za Afrika Mashariki zinaendeshwa nayo. Mwenye duka la jumla Kariakoo anampa kijana nguo au vyombo bila kulipwa. Kijana anakwenda kuuza na kurudisha fedha jioni au mwisho wa wiki. Kijana huyo ni dalali au mchuuzi? Kuchelewa kwa malipo hakutoi jibu, kwa sababu mchuuzi pia hununua kwa mkopo. Jibu linapatikana kwa kuuliza nini kitatokea kwa mali isiyouzika. Kama anaruhusiwa kuirudisha na deni likafutika, na kama bei ya kuuzia imepangwa na mwenye duka, kijana anauza mali ya mwenye duka. Kama lazima alipe hata asipouza, na anapanga bei mwenyewe, amenunua kwa mkopo na mali ni yake. Kati ya hayo kuna hali ya tatu ambayo Sheria ya Mauziano ya Bidhaa inaitambua: mali iliyotolewa kwa masharti ya kuuzwa au kurudishwa. Hapo mali inabaki ya aliyeitoa mpaka mpokeaji aikubali, aifanyie tendo la mwenye mali, kama vile kuiuza, au akae nayo kupita muda uliowekwa bila kutoa taarifa ya kuikataa. Ikiwa muda haukuwekwa, unahesabiwa muda unaofaa kulingana na mazingira.

Tofauti hiyo huonekana siku ya balaa. Wadai wengine wa kijana wakija kukamata mali, mwenye duka aliyemkabidhi amuuzie anaweza kusema vitu hivi ni vyangu na kuvidai. Mwenye duka aliyemuuzia kwa mkopo hawezi. Yeye sasa ni mdai kama wadai wengine, anasubiri zamu yake. Daftari linaloandika siku, idadi, bei na neno moja tu, "ameuziwa" au "amekabidhiwa auze", linaweza kuokoa mtaji mzima wa mtu.

Kwa mnunuzi wa mwisho, swali la dalali au mchuuzi linagusa ubora wa kitu anachonunua. Sheria ya Mauziano ya Bidhaa iliyorithiwa kutoka Uingereza, ambayo Tanzania na Kenya zote zina nakala zake, inamwekea muuzaji sharti la ubora wa kuuzika pale bidhaa zinaponunuliwa kwake kwa maelezo na biashara yake ni bidhaa za aina hiyo. Huyu ndiye "dealer" hasa: mwenye yadi ya magari, mwenye duka la simu, mwenye ghala la mbegu. Mtu wa kawaida anayeuza gari lake la nyumbani kwa mkono wa dalali hafungwi na sharti hilo la ubora kwa namna hiyo, ingawa yeye pia anawajibika kuwa na haki ya kuliuza. Kwa hiyo anayenunua gari barabarani kwa kuunganishwa na dalali anatakiwa afanye uchunguzi ambao mnunuzi wa yadi angeweza kuegemea sheria kuufidia: kupeleka gari kwa fundi wake, kulinganisha namba za injini na chasisi na zile za kadi, na kumwona mwenye jina lililo kwenye kadi hiyo. Hata mnunuzi wa yadi asijiachie, kwa sababu kasoro ambazo ukaguzi wa kawaida ungezionyesha hazilindwi kwa yule aliyekagua gari kabla ya kununua.

Bango la "authorised dealer" linalotundikwa kwenye maduka ya magari, simu na mitambo nalo linaeleweka vibaya. Halisemi kwamba duka hilo ni mwakilishi wa kiwanda anayeweza kukifunga kiwanda kwa ahadi zake. Linasema kwamba kiwanda kimemruhusu mchuuzi huyu kununua na kuuza bidhaa zake. Ahadi ya dukani ni ahadi ya duka. Dhamana ya kiwanda ni ile iliyoandikwa kwenye karatasi ya kiwanda. Mnunuzi anahitaji zote mbili, na ahakikishe ya pili imepigwa muhuri na kuandikwa tarehe kabla hajaondoka.

Katika bima tofauti inakwenda njia nyingine, na inafaa kutajwa kwa ufupi. Huko "broker" analinganishwa na wakala. Wakala wa bima anaiwakilisha kampuni ya bima. Dalali wa bima anamwakilisha mteja, na kazi yake ni kumtafutia bima inayomfaa, hata kama kamisheni yake inatoka kwenye ada inayolipwa kwa kampuni. Anayelipa kamisheni, kwa hiyo, si lazima awe ndiye anayetumikiwa.

Sheria ikitaka, inaweza kuyapa maneno haya maana inayopingana na ile ya kawaida, na mfano mkubwa kwa Watanzania uko kwenye madini. Sheria ya Madini ya 2010 inatoa leseni mbili za biashara, moja ikiitwa kwa Kiingereza "dealer licence" na nyingine "broker licence". Wengi wanazijua kwa majina ya leseni kubwa na leseni ndogo. Mwenye leseni kubwa ananunua, anauza na anaweza kusafirisha madini nje ya nchi kwa kufuata taratibu za vibali na malipo ya serikali. Mwenye leseni ndogo, ambaye machimboni huitwa broka, ananunua kutoka kwa wachimbaji na kuwauzia wenye leseni kubwa. Hana ruhusa ya kusafirisha nje. Ukimtazama kwa kipimo cha mali na fedha, broka wa Mirerani au Geita anayenunua jiwe au dhahabu kwa fedha yake ni mchuuzi kamili. Leseni yake inaitwa ya udalali kwa sababu ya nafasi yake kwenye ngazi ya soko, katikati ya shimo na msafirishaji.

Hii ina matokeo kwa mchimbaji mdogo. Hawezi kumdai broka hesabu ya bei aliyouzia kwa mwenye leseni kubwa, kwa kuwa alimuuzia, hakumtuma. Akiuza tanzanaiti kwa shilingi milioni moja na kesho akasikia imeuzwa kwa tano, hana kesi, labda athibitishe udanganyifu. Masoko ya madini yaliyoanza kufunguliwa nchini 2019 yalilenga kupunguza tatizo hili kwa kukusanya wauzaji, wanunuzi na wapimaji mahali pamoja, ili mchimbaji aone bei kabla hajauza. Mchimbaji anayetaka kweli mtu wa kumuuzia kwa niaba yake na kumrudishia hesabu anahitaji makubaliano ya maandishi yanayosema hivyo waziwazi, yasiyopingana na masharti ya leseni ya mtu huyo. Neno "broker" kwenye leseni halitamsaidia. Kwa yeyote anayenunua madini, la kwanza ni kuangalia leseni ni ya aina gani na inakwisha lini, maana kununua kwa asiye na leseni au kusafirisha kwa leseni ndogo ni kosa, na madini yanaweza kutaifishwa.

Kwenye masoko ya hisa mstari kati ya maneno haya umechorwa na kufutwa kwa karne nzima. Katika soko la London, mpaka 1986, madalali hawakuruhusiwa kufanya biashara kwa fedha zao. Walipeleka maagizo ya wateja kwa kundi jingine la wafanyabiashara lililoitwa "jobbers", ambao walinunua na kuuza kwa akaunti zao na kutaja bei. Utengano huo ulikuwa na sababu ya maana: anayemshauri mteja asiwe na hisa zake mwenyewe za kumsukumia. Tarehe 27 Oktoba 1986, katika mageuzi yaliyopewa jina la Big Bang, utengano ulifutwa, na kampuni moja ikaweza kufanya kazi zote mbili. Marekani, sheria ya masoko ya hisa ya 1934 ilikwisha kutoa tafsiri mbili: "broker" ni anayefanya miamala ya hisa kwa akaunti za wengine, "dealer" ni anayenunua na kuuza kwa akaunti yake. Kampuni nyingi huko husajiliwa kuwa zote mbili kwa pamoja, na kwa sababu hiyo taarifa ya muamala anayopewa mteja lazima ionyeshe kampuni ilitenda kama mwakilishi wake au kwa nafsi yake. Waafrika Mashariki walio Marekani wanaofungua akaunti za hisa huko wanapaswa kuutafuta mstari huo kwenye kila taarifa, kwa kuwa ndio unaoeleza kama walilipa kamisheni au walilipa faida iliyofichwa ndani ya bei.

Kenya inatofautisha kwa namna hiyohiyo: dalali wa hisa anafanya biashara kama mwakilishi wa wawekezaji kwa kamisheni, na "dealer" anafanya kwa nafsi yake. Mwekezaji anayenunua hisa kwenye soko la Nairobi au la Dar es Salaam, ambalo lilianza biashara Aprili 1998 kwa hisa za kampuni ya gesi ya TOL, hununua kupitia dalali, na hisa huandikwa kwa jina la mwekezaji kwenye hifadhi ya kielektroniki, akaunti inayojulikana kama CDS. Hapo ndipo panapopaswa kuangaliwa mara kwa mara. Mwaka 2007 na 2008 kampuni za udalali wa hisa ziliporomoka Nairobi, na miongoni mwa makosa yaliyobainika katika kipindi hicho ni hisa za wateja kuuzwa bila idhini yao. Mfuko wa kuwafidia wawekezaji ulilipa, lakini kwa kikomo cha shilingi 50,000 za Kenya kwa kila mwekezaji. Dalali anayeuza hisa za mteja bila agizo amejigeuza mwenye mali. Mteja anayeomba taarifa ya akaunti moja kwa moja kutoka kwenye hifadhi, badala ya kutegemea karatasi ya dalali, atagundua mapema.

Biashara ya fedha za kigeni ina mchuuzi anayejulikana na kila msafiri: duka la kubadilisha fedha. Bei mbili zilizo kwenye ubao wake, ya kununua na ya kuuza, ndizo mapato yake. Kwa kawaida hatozi kamisheni, kwa kuwa tayari amejilipa ndani ya tofauti ya bei hizo. Benki nazo zinafanya hivyo kwa viwango vikubwa zaidi. Anayebadilisha fedha asiishie kuuliza kama kuna kamisheni. Aulize bei zote mbili, apime pengo lake, kisha alinganishe na duka la pili.

Kwenye biashara ya fedha za kigeni ya mtandaoni, ambayo imewavutia vijana wengi, maneno haya yameleta madhara makubwa zaidi kuliko popote. Majukwaa karibu yote hujiita "brokers". Baadhi yake kweli hupeleka agizo la mteja sokoni na kuchukua ujira au nyongeza ndogo kwenye bei. Mengine yanasimama upande wa pili wa kila muamala wa mteja: mteja akinunua, wao ndio waliouza. Mteja akipata, wao wamepoteza; akipoteza, wamepata wao. Kwa lugha ya wazi hao ni wachuuzi, na maslahi yao yanapingana na ya mteja moja kwa moja. Kanuni za Kenya za 2017 kuhusu biashara hii zililiona jambo hilo na kutenga leseni mbili, ya "dealing" na ya "non-dealing". Anayefikiria kuweka fedha yake huko aangalie kwanza orodha ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji ya Kenya kama kampuni imo, kisha asome leseni yake ni ya aina gani. Kampuni isiyo kwenye orodha hiyo, hata iwe na ofisi nzuri ya picha kwenye tovuti na watu wanaoshuhudia utajiri wao, haifai kupewa hata shilingi moja.

Mikataba na fomu zilizoandikwa kwa Kiingereza zina dalili zinazosomeka hata na asiye mwanasheria. Maneno "on behalf of" na "as agent for" yanamtambulisha dalali: anatia saini kwa ajili ya mwingine, na jina la huyo mwingine linapaswa kuwa kwenye karatasi. Maneno "for its own account" na "as principal" yanamtambulisha mchuuzi. Neno "principal" ndilo linalowapotosha wasomaji wengi, kwa kuwa shuleni walilijua kama mkuu wa chuo. Kwenye biashara lina sura mbili: katika uwakala ni yule aliyemtuma dalali, yaani mwenye mali, na mtu anapotenda "as principal" maana yake anatenda kwa nafsi yake, kwa fedha yake na kwa hatari yake. Karatasi inayosema kampuni "may act as agent or principal" inaiachia kampuni kuchagua, na msomaji anayo haki ya kudai ichague kabla hajatia saini.

Pale ambapo dalali anaficha jina la aliyemtuma, mambo hubadilika kwa faida ya mnunuzi. Kwa kawaida dalali akishawakutanisha watu anatoka kwenye mkataba, na mgogoro ukizuka mnunuzi anamdai mwenye mali. Asipomtaja mwenye mali, dalali mwenyewe anaweza kuwajibishwa kama aliyeuza. Kwa hiyo mnunuzi aliyeuziwa kiwanja na mtu aliyesema tu "mwenyewe yuko safarini" asikate tamaa mara moja, ingawa ni afadhali sana asilipe mpaka amemwona mwenyewe au hati ya uwakilishi iliyosainiwa mbele ya wakili.

Risiti nayo inasema ukweli. Dalali anayetoa risiti ya mashine anatakiwa kuonyesha ujira wake. Mchuuzi anaonyesha bei nzima. Dalali anayetoa risiti ya bei nzima kwa jina lake amejitangaza kuwa muuzaji, na siku ya mgogoro risiti hiyo itasomwa hivyo. Mwenye mali naye asikubali fedha ya mauzo ipite kwenye akaunti binafsi ya dalali. Mnunuzi alipe kwa mwenye mali, na mwenye mali amlipe dalali.

Makubaliano yenyewe hayahitaji kurasa nyingi. Kwa dalali yanatosha mambo manne: mali ni ya nani, bei ya chini inayokubalika, ujira ni kiasi gani na nani anaulipa, na kazi inaisha lini. Hilo la mwisho husahaulika sana, na dalali aliyetumwa mwaka jana hujitokeza mwaka huu kudai ujira kwa mnunuzi ambaye mwenye mali alimpata mwenyewe. Kwa mchuuzi yanatosha bei, siku ya kulipa, na wakati ambapo mali inahama kutoka kwa muuzaji kwenda kwake. Muuzaji anayeuza kwa mkopo anaweza kuandika kwamba mali inabaki yake mpaka alipwe yote. Asiye na nafasi ya kuandika karatasi atume ujumbe wa simu unaotaja mambo hayo na asubiri jibu la kukubali kabla hajakabidhi mzigo. Ujumbe huo aufute baada ya hesabu kufungwa, si kabla, kwa sababu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya Tanzania ya 2015 inaruhusu mahakama kuupokea kama ushahidi.